Habari za Macho

Orodha ilitoka Jumatatu saa mbili asubuhi, na Sista Veneranda Mgaya, muuguzi wa kliniki ya sukari, aliisoma mara tatu kabla ya kuanza kugombana nayo. Watu arobaini, basi. Gari la macho lingepanda Ikongwe siku ya Alhamisi na mashine yake ya leza, lingetibu hao arobaini, na jioni lingeshuka zake lisionekane tena mpaka miezi sita ipite. Zakaria Chaula hakuwemo.

Alimtafuta juu, akamtafuta chini, akamtafuta mpaka kwenye majina yanayofanana na lake. Hakuwemo. Akafungua faili la mzee kwenye kioo cha kompyuta, akaona alama aliyopewa: tatu kati ya mia.

Tatu. Jamani. Mtu ana sukari mwaka wa kumi na tisa, presha yake haijawahi kutulia wiki mbili mfululizo, figo zimeanza kuvujisha, vidole havijui tena moto na baridi, halafu anaambiwa hatari ya jicho lake kuvuja damu ni tatu kati ya mia. Kwenye orodha hiyohiyo, namba kumi na mbili, kuna mtu wa miaka ishirini na sita aliyeanza dawa mwaka jana, na yeye kapewa sabini na nane.

Veneranda hakuwa anakisia. Wiki iliyopita mzee alikuja kubadilishiwa kile kibandiko cha mkononi kinachosoma sukari, naye akampa kalamu atie sahihi. Mzee akanyoosha mkono, akashika hewa, kiganja kizima pembeni ya kalamu. Akacheka, akasema kalamu za siku hizi ni nyepesi mno. Veneranda naye akacheka, na mpaka leo alikuwa anajilaumu kwa kicheko kile.

Ieleweke kwamba Mboni, mashine iliyotoa orodha, haikuwahi kuona jicho la mtu hata siku moja. Zamani hospitali zilikuwa na kamera za kupiga picha nyuma ya jicho, kule kwenye utando unaopokea mwanga. Kamera zikafa moja moja, vipuri havikuja, na watu wenye akili zao wakasema: picha za nini, wakati majibu yamo kwenye mafaili? Wakaichukua mashine, wakailisha mafaili ya wagonjwa wa sukari milioni kadhaa, nchi kwa nchi, wakaionyesha nani aliishia kuvuja damu jichoni na nani hakuvuja, kisha wakaiacha itafute njia yenyewe. Ikaipata. Ikagundua kwamba sukari inasema kitu, presha inasema kitu, figo zinasema zaidi, ila kinachosema kuliko vyote ni kauli ya mgonjwa mwenyewe kuhusu macho yake. Ndiyo maana juu ya kila meza ya kliniki kulifungwa kinasa sauti chenye taa ndogo. Muuguzi hakuruhusiwa kuiandika kauli hiyo, kwa sababu wauguzi wana huruma, na huruma hutia chumvi. Kinasa kilisikia chenyewe na kupeleka chenyewe. Maoni ya muuguzi yalikuwa na sehemu yake chini kabisa ya faili, na uzito wake kwenye hesabu ya Mboni ulikuwa sawa na wa unyoya.

Veneranda akafunga kliniki kwa dakika kumi, akaenda kwa Gwakisa.

Gwakisa ndiye aliyekuwa mratibu wa Mboni pale hospitalini, kijana mpole mwenye chumba chenye feni mbili. Alimkaribisha kiti. Veneranda hakukaa.

"Mzee Chaula ana tatu," alisema. "Nataka kujua imetoka wapi."

Gwakisa akagusa kioo, akakigeuza upande wa Veneranda. "Kila kitu kinampandisha, Sista. Sukari, figo, miaka. Kinachomshusha ni kimoja tu. Hiki hapa. Kauli kuhusu macho. Kaulizwa mara ishirini na nne katika miaka sita, kajibu 'nzuri' mara ishirini na nne."

"Nani kamuuliza?"

"Wewe." Akabonyeza, na sauti ya Veneranda mwenyewe ikatoka kwenye spika, ya furaha, ya mtu mwenye haraka: *Shikamoo mzee. Za nyumbani? Za kazi? Na habari za macho?* Kisha sauti ya mzee: *Nzuri, nzuri, tunamshukuru Mungu.*

Veneranda akakaa sasa, bila kukaribishwa. "Gwakisa. Pale sikumuuliza. Nilimsalimia."

"Kuna tofauti gani?"

"Siku mama yako alipolazwa hapa wodi namba tatu, nilikukuta kwenye korido. Nikakwambia habari za nyumbani. Ulinijibu nini?"

Gwakisa akafikiri. "Nzuri."

"Halafu?"

"Halafu nikasema, ila mama amelazwa."

"Sasa mimi naitafuta hiyo 'ila' ya mzee Chaula. Iko wapi?"

Gwakisa akakuna kidevu. Alieleza kwa upole, na upole wake ndio uliomuudhi Veneranda zaidi, kwamba Mboni ilijifunzia kwenye mafaili ya watu wanaoulizwa swali na kulijibu. Huko, mtu akiambiwa *macho vipi*, anasema ukungu, anasema maumivu. Kwa hiyo Mboni huchukua jibu la kwanza, hufunga kisanduku, huendelea na mengine. Yanayofuata huyahesabu kuwa maongezi.

"Miaka sita," Veneranda alisema. "Miaka sita mashine inawasikiliza wazee wa Ikongwe wakiitikia salamu, inaandika kwamba ni wazima."

"Nimeshapeleka taarifa juu. Watalifanyia kazi."

"Lini?"

Gwakisa akakirudisha kioo upande wake. Alisema orodha inafungwa Jumatano saa sita mchana, na kama mzee akija kabla ya hapo, akasema kwa kinywa chake kwamba haoni, alama itabadilika palepale. "Lakini usimlishe maneno, Sista. Nakuomba. Mboni inajua mtu akisema la kwake na akisema la kufundishwa. Ikibaini, gari halipandi hapa mwaka mzima, na hao arobaini wote wanaumia."

*

Mzee Chaula alikuwa mnoaji wa misumeno kwenye kiwanda cha mbao huko chini kwenye mipaini, mwaka wa thelathini na nne sasa. Alikuja Jumanne kwa sababu aliitwa, amevaa koti, amechana nywele, na kwenye mvi zake kulikuwa na unga wa mbao. Veneranda alimwahi barazani, mbali na kinasa, wakakaa kwenye benchi.

Akamweleza yote. Alimweleza taratibu kuhusu mashine, alama, gari na Alhamisi. Akamuuliza, mzee, jicho la kushoto linaona? Mzee akatazama chini kwanza. Akasema kuna masizi. Yanashuka kama masizi ya jikoni, yanaogelea, mengine yanakaa. Alidhani ni vumbi la mbao. Tangu mwezi wa pili.

"Mwezi wa pili, mzee? Na tumeonana mara ngapi toka mwezi wa pili? Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Sikuficha, mwanangu," mzee alisema, na alionekana kushangaa kweli. "Ulinisalimia, nikaitika."

Veneranda akameza hasira yake, maana haikuwa ya mzee. "Basi sikiliza. Sitakufundisha la kusema. Tukiingia ndani nitakuuliza macho, nawe uniambie kama ulivyoniambia hapa. Basi. Hivyohivyo."

"Nimekuelewa vizuri kabisa."

Wakaingia. Taa ya kinasa ikawaka. Veneranda akafungua kinywa, na kinywa chake, kilicholelewa na mama yake na bibi yake, kikatangulia: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Macho je?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

Kisanduku kikajifunga. Kwenye kioo ile tatu ikashuka ikawa mbili.

Veneranda akamtazama mzee. Mzee akamtazama Veneranda, kwa jicho moja. Wakatoka tena barazani.

"Tumekubaliana nini, mzee?"

"Sasa si umeanza kwa salamu? Ukinisalimia nifanyeje? Nikuambie mbaya? Mtu anaamka, anapumua, anatembea kwa miguu yake, anaulizwa habari anasema mbaya. Huko ni kukufuru. Na wewe hujanikosea kitu."

Mchana walijaribu tena. Safari hii Veneranda aliing'ata salamu kwenye meno, akauliza tu: "Mzee, unaonaje?" Mzee akatabasamu, akajibu kwamba anaona ya kumtosha kumwona binti yake Veneranda amependeza. Mboni ikaandika: anaona. Chati ya herufi ukutani nayo haikusaidia kitu, kwa sababu mzee alikuwa ameikariri zamani kwa kuisoma kila miezi mitatu, aliisoma yote amefumba lile jicho linaloona, akaomba asifiwe.

Veneranda alirudi nyumbani kichwa kinamgonga. Mume wake alimuuliza habari za kazi. Akajibu nzuri, kisha akaingia jikoni akapigapiga sufuria.

*

Jumatano saa nne alimwita tena. Safari hii hakumngoja barazani.

Mzee aliingia na koti lilelile, akasimama mlangoni kungoja salamu yake. Veneranda hakuinua kichwa. Alikuwa anasoma kwenye kioo kitu ambacho hakikuwepo. Mzee akakohoa. Akangoja tena. Mwisho akakaa mwenyewe, polepole, kama mtu aliyekosea nyumba.

"Nimezungumza na watu wa kiwandani," Veneranda alisema, bado anatazama kioo. Ulikuwa uongo. "Wanasema misumeno yako siku hizi inatafuna mbao kama panya. Meno mengine makali, mengine butu. Wanasema mzee Chaula kazi imemchosha, amekuwa mvivu, anakalia benchi la watu."

Mzee akainua uso.

"Mimi nikawaambia huenda ni kweli. Umri ukifika, mtu apishe wenzake."

"Nani kasema?" mzee aliuliza. Sauti ilikuwa chini sana.

"Wote."

"Miaka thelathini na minne." Mzee akaweka mikono yote miwili juu ya meza, viganja juu. "Wewe unaniambia mimi mvivu. Wewe mtoto, hujui hata jino la msumeno linaelekea wapi. Jicho hili la kushoto limekufa. Lina masizi matupu toka mwezi wa pili. La kulia linaanza. Naona nusu ya jino, nusu nyingine naitafuta kwa kidole. Jino kwa jino, naupapasa msumeno mzima, meno mia na kumi na mbili, na vidole vyenyewe havisikii, najua nimefika kwenye makali nikiona damu. Tazama. Huo ndio uvivu wangu."

Ncha za vidole vyake zilikuwa zimechanjwachanjwa zote, vidonda juu ya makovu. Veneranda alivijua vidonda hivyo. Alikuwa anavisafisha na kuvifunga toka mwezi wa tatu, kila mara akimwambia mzee awe mwangalifu, na hata siku moja hakuuliza kwa nini mtu aliyenoa misumeno maisha yake yote ameanza kujikata uzeeni. Naye alikuwa ameridhika na *nzuri*, sawasawa na mashine.

Taa ya kinasa ikacheza. Mbili ikawa arobaini, ikawa sabini, ikasimama kwenye tisini na moja.

"Mzee wangu," Veneranda alisema, "nisamehe. Hakuna aliyesema. Nilitaka tu..."

"Umemaliza kuandika?"

"Mzee, nisikilize kwanza."

"Kama umemaliza, niende."

Akaondoka, bega likagusa mlango upande wa kushoto.

Orodha ilifungwa saa sita. Zakaria Chaula, namba mbili. Na kwa kuwa arobaini ni arobaini, aliyekuwa wa mwisho alidondoka: Jesca Mlowe, mwalimu, miaka thelathini na tisa, alama hamsini na nane. Kazi ya kumpigia simu ilikuwa ya Gwakisa, lakini Veneranda aliona haya kumwachia. Alimweleza mwalimu kwamba nafasi yake imekwenda kwa mwingine, na kwamba gari litarudi baada ya miezi sita.

"Hakuna shida, dada," Jesca Mlowe alisema. "Nitasubiri."

"Macho yako yakoje, mwalimu? Niambie ukweli."

"Hakuna shida kabisa."

Veneranda alikata simu, akakaa ameishika. Hakuna shida. Watu hawa watamuua.

*

Alhamisi mzee alitibiwa wa pili. Daktari wa gari alisema jicho la kushoto amelipata ukingoni, mwezi mmoja zaidi lingekuwa limekwisha; nusu ya uoni itabaki, na la kulia litapona. Veneranda alipomwona mzee anatoka na pamba jichoni, alimfuata mbio uani.

"Shikamoo, mzee."

Mzee akasimama. Ilionekana kama ataitika, maana midomo yake ilisogea. Kisha akasema, "Andika kwamba la kulia linaona," akashika njia ya kiwandani.

Jumatatu iliyofuata Gwakisa alikuja kliniki mwenyewe, na alikuwa na furaha.

"Mboni imejifunza, Sista. Yenyewe, bila kuambiwa. Ile kesi yako iliishtua: mtu wa mbili kwenda tisini na moja kwa siku moja, na daktari akathibitisha. Ikarudi nyuma ikasikiliza upya mazungumzo yote ya miaka sita, hospitali zote za ukanda huu. Ikawatafuta wagonjwa ambao kwa bahati tu hawakusalimiwa. Muuguzi alikuwa na haraka, au alikuwa na hasira, au walikuwa wamegombana. Unajua ilikuta nini? Hao walisema ukweli kuhusu macho yao mara nne zaidi ya waliosalimiwa." Akamwekea karatasi mezani. "Utaratibu mpya umeanza leo."

Karatasi ilikuwa fupi. Mgonjwa wa sukari asisalimiwe. Muuguzi aanze na swali la macho. Salamu yoyote ikisikika kabla ya swali, kauli ya mgonjwa itafutwa, na mgonjwa hataingia kwenye hesabu ya orodha ijayo.

Veneranda aliisoma, akairudisha upande wa Gwakisa. "Hii siwezi."

"Ikongwe peke yake kuna wazee mia tatu na kumi na wawili walioandikiwa 'nzuri'. Tukiwauliza hivi, watakaokuwa wanapofuka tutawajua wote, na Mboni ikionyesha wingi wao wataongeza gari la pili. Hata Jesca Mlowe atapata nafasi yake." Gwakisa hakuwa anamdhihaki, aliuliza kwa moyo safi. "Si ndicho ulichotaka, Sista?"

Ndicho alichotaka. Hapo ndipo palipomuudhi. Mia tatu na kumi na wawili. Angewaambia nini watu wanaopofuka, kwamba yeye amelelewa vizuri?

Gwakisa alipotoka, mgonjwa wa kwanza alikuwa ameshafika. Bibi Melania Kisinda, miaka sabini na moja, kliniki yake ya tisa kwa Veneranda. Alisimama mlangoni na kanga yake kichwani, akangoja. Mkubwa haanzi; hungoja shikamoo yake, na Bibi Melania alikuwa na subira.

Taa ya kinasa iliwaka. Veneranda alibana midomo. Bibi akaendelea kungoja. Akamtazama Veneranda usoni, akageuza kichwa kidogo ili amwone vizuri kwa jicho la upande wa pili, na uso wake ukaanza kubadilika. Akavuta kiti, akakisogeza mpaka upande wa meza wanakokaa wauguzi, akaketi karibu naye, akamshika mkono.

"Bibi, unaona?" Veneranda aliuliza.

"La kulia limezimika toka Pasaka," Bibi Melania alisema upesi, kama mtu anayeondoa kitu njiani. "Hayo tuyaache. Niambie, mwanangu, nani amekufa?"

Kwenye kioo alama ilikuwa inapanda. Bibi alikuwa bado amemshika mkono, anangoja jina la marehemu.